Draiva za 10K: zinamfaa mchezaji wa handikapu 24, au tunanunua jina?

Mwana_Limuru
Wakuu, hili tulijadili bila kuoneana haya. Klabuni kwetu kila Jumamosi mtu anakuja na draiva (fimbo ya gofu ya kupigia mbali) ya "10K", zile zilizoingia sokoni 2024: PING G430 Max 10K na TaylorMade Qi10 Max. Hiyo Qi10 Max ilitoka kwa dola 599 huko Marekani. Kabla hujalipa usafiri na ushuru, tayari ni kama shilingi elfu themanini. Mimi nacheza handikapu 24, yaani napewa nafuu ya mipigo 24. Niliazima ya rafiki yangu kwa mashimo tisa, nikapata feawei (njia ya majani mafupi) tano kati ya saba, na mipira miwili ilifika yadi 240 ingawa niliigonga pembeni kabisa ya uso. Wachezaji wa kiwango changu tumepata mkombozi. Anayesema ni biashara tupu aje na hoja.

Fundi_Fimbo
Kwanza tuelewane hiyo 10K inapima nini. Ukigonga mpira mbali na katikati, kichwa cha draiva kinataka kujipinda mkononi. Namba hiyo ni ugumu wa kukipinda. Kampuni zinajumlisha pande mbili: kupinda kushoto na kulia, halafu kupinda juu na chini. Kanuni imeweka kikomo upande wa kwanza tu, 5,900 na nyongeza ya 100. Ndiyo maana jumla inafika 10,000 na bado fimbo ni halali.

Sasa sikiliza hapa. Ukubwa wa kichwa uliishia 460 cc zamani, na jinsi uso unavyorusha mpira nako kuna kikomo. Kwa hiyo anayegonga katikati kila mara, draiva yake nzuri ya miaka kumi na tano iliyopita haipitwi kwa mbali. Nafuu iko kwa anayegonga pembeni, na huyo ni wewe wa 24. Ila uzito wa hizi 10K umesukumwa nyuma, mpira unapaa juu na kujizungusha zaidi. Mwenye kasi ndogo ya kuzungusha fimbo atashukuru. Mwenye kasi ya maili 110 kwa saa, ambaye mpira wake tayari unapaa kama tiara, atapoteza yadi. Usinunue kabla ya kupimwa.

Mzee_wa_Nyali
Yadi 240, handikapu 24, tena kwa kugonga pembeni! Mwanangu, yadi hizo ni za hewa. Limuru mko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari. Shuka Nyali upige mpira uleule, utauokota kwenye 220, na hiyo ni siku ambayo kusi imelala.

Mwana_Limuru
Mzee wangu, nakuheshimu, lakini nimeuliza habari ya draiva. Hakuna aliyetaja pwani. Feawei tano kati ya saba nazo ni za hewa?

Karen_Tisa
Watu wa pwani ni hivyohivyo. Wakija Nairobi wakishindwa, lawama ni majani ya kikuyu, mpira hauviringiki. Wakishindwa kwao, lawama ni upepo. Mzee, nenda ukawekewe shafti (mpini wa fimbo) laini ya kike, mpira utaruka hata huko baharini.

Mzee_wa_Nyali
Wewe Karen_Tisa mimi nimeanza gofu kwa kubeba mifuko ya watu, nikiwa kedi peku miguu, kabla hujajua tii ni nini. Upepo sisi hatuusingizii, tunaupangia. Nina draiva ya mwaka 2009, nyuzi 9, napiga chini chini inapita chini ya kusi. Nipe hiyo 10K yenu inayopeleka mpira mawinguni, upepo utaurudisha nyuma ya mgongo wangu. Fimbo inayofaa Limuru si lazima inifae mimi, na ndilo nililotaka kusema tangu mwanzo.

Fundi_Fimbo
Mzee ana jambo, na hata hizo feawei tano zinahusika. Hewa nyembamba haiongezi yadi peke yake. Inapunguza pia kukata kwa mpira, kwa sababu mzunguko haupati hewa ya kushikilia. Slaisi, yaani mpira unaopinda hewani, inayokutupa kwenye miti ya Nyali, ukiwa Limuru inaweza kubaki ukingoni mwa feawei. Kwa hiyo ukijaribu draiva huko juu utaisifu kwamba inanyoosha, kumbe sehemu ya kazi imefanywa na mwinuko. Na hewa hiyohiyo hainyanyui mpira vizuri, ndiyo maana wengi wa bara wanahitaji lofti (nyuzi za mwinamo wa uso) kubwa kidogo kuliko wanavyofikiri.

Karen_Tisa
Kwa hiyo handikapu za bara ni za bandia? Semeni wazi basi.

Fundi_Fimbo
Hakuna aliyesema hivyo. Ukadiriaji wa ugumu wa uwanja, unaotumika kukokotoa handikapu, unahesabu mwinuko. Soma nilichoandika.

Dada_wa_Upanga
Nimenyamaza vya kutosha. "Shafti laini ya kike." Karen_Tisa, hiyo kauli imenigharimu msimu mzima. Niliingia duka moja, muuzaji akaniangalia tu sketi, akanipa shafti ya herufi L, ile laini ya wanawake. Hakuniambia nipige hata mpira mmoja. Nikahangaika miezi sita, mpira ukienda kushoto kila nikiukaza. Mwalimu wangu aliponiweka kwenye mashine, kasi yangu ni maili 88 kwa saa. Nimebadilisha shafti nikachukua R, ngumu ya wastani, ya gramu 50, nikaikata ikawa inchi 44 na nusu, na leo naiona feawei. Hapa gimkhana wapo wanaume wenye kasi ya 80 waliobeba shafti za S, ngumu zaidi, kwa sababu wanaona haya kuandikiwa herufi nyingine. Hao ndio wenye kuhitaji kusaidiwa, na hakuna 10K itakayowasaidia mpaka waache aibu.

Karen_Tisa
Dada, samahani kwa neno. Nililenga wazee.

Dada_wa_Upanga
Wazee nao hawastahili. Shafti haina jinsia, ina uzito na ugumu.

Kedi_Mstaafu
Mnagombana bure. Swali la maana ni nani anazipima hizi draiva kwenye mashindano ya klabu? Uso ukipigwa miaka mingi unalegea, unarusha kuliko kanuni. Rory McIlroy, yule mchezaji wa kulipwa, si alikamatwa kwenye mashindano makubwa ya PGA Championship 2025 akafukuzwa?

Fundi_Fimbo
Hakufukuzwa. Kichwa chake kilishindwa kipimo kabla ya mashindano kuanza, akabadilisha. Mpinzani wake Scottie Scheffler naye chake kilishindwa wiki hiyohiyo, alikiri mwenyewe, akatumia cha akiba na akatwaa kombe. Hakuna aliyedanganya, vyuma huchoka.

Kedi_Mstaafu
Basi kama wao wanapimwa, sisi kwa nini tusipimwe? Mtu anachukua zawadi ya mpira mrefu kila mwaka na draiva ileile ambayo haijawahi kuwekwa kwenye kipimo. Hapo ndipo pesa zetu za kiingilio zinaibiwa.

Karen_Tisa
Kama unanisema mimi, nitaje.

Kedi_Mstaafu
Sijataja mtu. Umejitaja.

Mwana_Limuru
Jamani, turudi. Nilipimwa jana Nairobi, mipira thelathini. Draiva yangu ya zamani na 10K zilipishana yadi 3 nikigonga katikati. Nikigonga kwenye kisigino cha uso, upande wa shafti, zilipishana 14. Wakaniwekea nyuzi 10.5 na shafti ya R. Nimelipa nusu, nyingine mwisho wa mwezi.

Fundi_Fimbo
Hizo 14 ndizo ulizonunua. Kwa mchezo wako umefanya sawa. Usipandishe lofti kwa ufunguo bila kuangalia, maana uso nao unajifunga kushoto.

Mzee_wa_Nyali
Mwanangu, swali moja tu, na naliuliza kwa wema. Ulipigia chumbani, kwenye wavu, sivyo? Mpira ulisafiri mita tatu, mashine ikamalizia safari yenyewe kwa hesabu. Je, waliiambia mashine hiyo iko mita ngapi juu ya bahari?

Mwana_Limuru
Sikuuliza. Nawapigia sasa hivi.