Matajiri wetu, zaka si noti ya elfu mbili getini

Wakuu, kila Ramadhani ni yale yale. Kumi la mwisho likiingia, kina mama na wazee wanapangwa juani tangu asubuhi nje ya geti la tajiri, geti linafunguliwa baada ya Alasiri, kila mmoja anapewa noti ya 2,000 na picha inapigwa. Kisha tunaambiwa zaka imetoka. Imepigiwa hesabu wapi?

Hesabu yenyewe si ngumu. Siku hauli inapotimia, yaani mwaka mmoja wa Hijria tangu mali ifikie kiwango cha zaka, chukua fedha taslimu, za benki na za kwenye simu, ongeza mzigo wa dukani na wa stoo, ongeza unachowadai watu wenye uwezo wa kulipa. Ikifikia nisabu, yaani kiwango cha chini cha thamani ya gramu 85 za dhahabu, toa asilimia 2.5 ya yote. Fremu, rafu na gari la kusambazia mzigo havimo.

Sasa tazama wanavyoichezea. Mzigo wanauthamini kwa bei waliyonunulia zamani, wakati inayotakiwa ni bei ya soko ya siku hiyo. Mkopo wa benki wa miaka mitano wanaukata wote kwa mpigo, mali ikaonekana haifiki nisabu. Ilhali kwa Shafii, madhehebu ya wengi wetu huku pwani, kauli yenye nguvu ni kwamba deni halizuii zaka. Na anayehesabu Januari hadi Desemba anachelewa siku 11 kila mwaka, maana mwaka wa Hijria ni mfupi kwa siku hizo. Kwa miaka 33 hivi amekula haki ya maskini ya mwaka mzima!

Mwenye mali ya milioni 200 anadaiwa zaka ya milioni 5. Akiigawa elfu mbili mbili, inafika kwa watu 2,500 na wote wanalala maskini kama walivyoamka. Milioni 5 hiyo hiyo ni familia 10, kila moja 500,000: mtaji wa genge, wa mama lishe, wa mbegu na mbolea. Vitabu vya Kishafii viko wazi kwamba fundi apewe cha kununulia vifaa vyake na mchuuzi apewe mtaji. Nani kawaambia ni pesa ya futari ya siku moja?

Na foleni hizi zinaua. Pasuruan, Indonesia, Septemba 2008, wanawake 21 walikufa wakigombea zaka nyumbani kwa tajiri. Sanaa, Yemen, Aprili 2023, walikufa zaidi ya 70 kwenye mgao wa wafanyabiashara. Umati mkubwa na njia nyembamba, na Sanaa mashahidi walisema risasi zilizopigwa hewani ziliwatia watu hofu. Kamati ya msikiti ikiandika majina tangu Shaabani, ikapita nyumba kwa nyumba kuhakiki, pesa zikatumwa kwa simu, hakuna wa kukanyagwa. Ila hapo picha hakuna, na ndipo wengi wanapogoma.

Wenye mageti mnaosoma hapa, jibuni swali moja tu: hauli yako inatimia tarehe ngapi, mwezi gani wa Hijria?