Mwanga unapenya ukuta wa chombo changu cha anga: nikifumue au nipake rangi kwa nje?

Mjenzi_350 anauliza:

Ndugu zangu wapenzi wa modeli, nawasalimu. Kwa miezi minne nimekuwa nikiunda chombo cha anga za juu cha kubuni, cha skeli ya 1/350 (yaani kidogo mara 350 kuliko chombo halisi), ambacho kikikamilika kitakuwa na urefu wa karibu sentimita 80. Nimetoboa madirisha zaidi ya 200 kwa keekee ya mkono, nikapitisha nyuzi za faiba, zile nyuzi angavu zinazosafirisha mwanga, na kuzishika kwa supaglu, nikafunga taa nane nyeupe za LED, kisha jana jioni nikaunganisha nusu ya juu na nusu ya chini ya mwili kwa gundi ya plastiki.

Nilipozima taa ya chumba na kuwasha chombo, nilivunjika moyo. Nilitarajia kuona madirisha yakimeta gizani, lakini mwili mzima uliwaka kama ganda la yai lililomulikwa kwa tochi kutoka ndani, na pale nusu mbili zinapokutana palikuwa na mstari mweupe kuanzia puani hadi kwenye injini. Madirisha yenyewe yalikuwa na ukungu, na baadhi ya nyuzi zilikatika nilipozigusa. Zaidi ya hayo, nilipoongeza taa mbili nyekundu za pembeni kwenye waya uleule, zile nyeupe nane zilizimika karibu zote. Natumia betri ya volti 9 na rezista moja (kile kijipande kinachopunguza mkondo wa umeme) kwa taa zote.

Je, nikifumue, au inatosha kupaka rangi nzito kwa nje? Naomba pia mwongozo wa utaratibu wa kazi, kwa maana nimegundua kwamba sikuwa nao.

Jicho_la_Kibano anajibu:

Kifumue, tena leo. Gundi ya plastiki huyeyusha kingo mbili zikashikana kuwa kitu kimoja, na kadiri siku zinavyopita ndivyo kiungo kinavyokuwa kigumu. Usikibanue kwa bisibisi. Pitisha ncha ya kisu chembamba juu ya mstari wa kiungo mara nyingi kwa mkono mwepesi, ukianzia mahali ambapo gundi ilikuwa kidogo, hadi usikie kingo zikianza kuachana. Ukingo utapata makovu, lakini makovu hayo yatazibwa kwa pati (lipu laini ya kujazia nyufa) na kulainishwa kwa msasa.

Sababu ya tatizo lako ni kwamba plastiki ya polistairini yenye unene wa milimita moja au moja na nusu haizuii mwanga, hata kama mchana inaonekana imara. Dawa yake hupakwa ndani, na mpangilio wa rangi ndio wenye maana. Rangi nyeusi ndiyo inayogusa plastiki, nayo hupakwa tabaka mbili au tatu hadi tochi ikiwekwa ndani isionekane kabisa kwa nje. Juu ya nyeusi hupakwa nyeupe au silva, ili mwanga urudishwe ndani ya chombo badala ya kumezwa. Watu wengi hupaka nyeusi peke yake, kisha wanashangaa kwamba wanahitaji taa mara mbili zaidi. Kwangua rangi hiyo kwenye kingo zitakazobandikwa, kwa kuwa gundi ya plastiki haishiki juu ya rangi.

Kuhusu ule mstari mweupe, kata ukanda wa plastiki wenye upana wa milimita 5 hivi, upake rangi nyeusi, kisha uubandike kwa ndani kando ya kiungo, ukishika nusu ya chini tu huku ukichomoza kuelekea nusu ya juu. Ukifunga mwili, ukanda huo unasimama nyuma ya mwanya na mwanga unakosa njia iliyonyooka ya kutokea. Rudia kipimo cha gizani kabla ya kubandika, huku umeshikilia nusu mbili kwa tepu ya karatasi. Kaa gizani dakika chache kwanza, kwa sababu jicho lililotoka kwenye mwanga halioni uvujaji mdogo.

RangiMbili anajibu:

Nakubaliana na mwenzangu kwa sehemu kubwa, ila kuna mahali ambapo hutaweza kufika kwa ndani, hasa kwenye shingo nyembamba na nguzo za injini. Hapo nimewahi kupaka nyeusi kwa nje kabla ya praima (rangi ya msingi) ya kijivu, na mwanga ukakoma. Sharti ni kupuliza tabaka nyembamba sana, maana rangi nzito hujaza mifereji midogo ya paneli, na mifereji hiyo ndiyo inayomfanya mtazamaji aamini kwamba anaona chombo cha mita 280 na si kitu cha kuweka mezani. Mafundi wa modeli za filamu katika miaka ya 1970 walilielewa jambo hili vizuri. Walichukua vipande vidogo kutoka kwenye seti za vifaru, meli na ndege, wakavibandika juu ya vyombo vyao vya anga ili jicho lipate kipimo cha ukubwa.

Ukungu wa madirisha umetokana na supaglu. Mvuke wake huacha utando mweupe juu ya plastiki angavu, na gundi yenyewe hufanya nyuzi za faiba ziwe kavu na kuvunjika kwa urahisi. Tumia gundi nyeupe ya mbao, ambayo hukauka ikawa angavu na haidhuru faiba. Nyuzi zilizokatika zichomoe uweke mpya. Safari hii acha kila uzi uchomoze kwa nje karibu sentimita moja, upake rangi zote pamoja na vanishi, ndipo uzikate moja moja kwa wembe mpya sambamba na ukuta. Ncha iliyokatwa wakati huo inakuwa safi, ilhali ncha iliyokatwa kabla ya rangi hufunikwa na kazi yote ikapotea.

Chagua pia unene wa uzi kwa hesabu ya skeli. Kwenye 1/350, uzi wa milimita 0.25 ni sawa na duara la sentimita 9, wa milimita 0.5 ni sentimita 17.5, na wa milimita 1 ni sentimita 35. Kwa hiyo ule mwembamba unafaa taa za ishara, na ule mnene unafaa dirisha ambalo mtu angeweza kuchungulia. Nami nakusihi usiwashe madirisha yote 200. Acha hata robo yakiwa meusi, bila mpangilio, kwa sababu chombo chenye watu ndani kina vyumba ambavyo wenyewe wamelala.

Kwa rangi ya nje, anza na kijivu hafifu kuliko unachodhani kinatosha. Kisha ziba paneli chache kwa tepu, ongeza matone mawili matatu ya rangi nyeusi zaidi kwenye mchanganyiko uleule, upulize. Tofauti ikionekana waziwazi ukiwa mbali, umezidisha. Inapaswa kujitokeza pale tu unapogeuza chombo kwenye mwanga. Vanishi ya kung'aa hutangulia stika za maji, na isiyong'aa humalizia.

Omu_na_Volti anajibu:

Wenzangu wamemaliza upande wa plastiki, nami naongezea umeme. Taa nyekundu ya LED huwaka kwa volti 2 hivi, nyeupe huhitaji karibu volti 3. Ukiziunganisha sambamba, yaani kila moja na njia yake, nyuma ya rezista moja, nyekundu hufungua njia mapema, hushusha volti ya waya mzima hadi 2, na nyeupe hubaki bila nguvu ya kuwaka. Taa zako hazijaungua.

Panga nyeupe mbilimbili kwa mfululizo, yaani moja ikifuata nyingine kwenye waya mmoja. Mbili zinachukua volti 6 na betri ina 9, hivyo zinabaki 3; kwa mkondo wa miliampia 10, gawanya 3 kwa 0.01 upate omu 300, na rezista ya 330 inayopatikana kwa kawaida itafaa. Jozi nne zitakuwa na rezista nne. Nyekundu mbili nazo ziwe na mfululizo wao: zinabaki volti 5, kwa hiyo tumia omu 560. Jumla ni kama miliampia 45, mzigo ambao betri ndogo ya volti 9 itaubeba kwa saa chache tu, hivyo toa nyaya mbili kupitia kwenye stendi na utumie adapta.

Ukitaka nyekundu zipepese, saketi ya 555 (chipu ndogo ya kupima muda) yenye rezista za kilo-omu 10 na 68 pamoja na kapasita ya mikrofaradi 10 hutoa mpepeso mmoja kwa takriban sekunde moja. Lehemu kila kitu nje ya chombo, kwa sababu polistairini hulainika kwenye joto lisilofikia nyuzi 100, kisha ziache taa ziwake usiku kucha kabla ya kufunga mwili.

Mjenzi_350 anarudi:

Nawashukuru kwa dhati. Kiungo kilifunguka baada ya saa mbili za kisu, na kimevunjika mahali pamoja tu, karibu na injini ya kushoto. Nimepaka nyeusi mara tatu na nyeupe mara mbili, nimesuka upya nyaya kwa jozi, na taa zote kumi zimewaka tangu jana usiku bila moja kufifia. Katika kipimo cha gizani nilikuta tundu moja dogo kama la sindano chini ya shingo, nikaliziba kwa tone la rangi nyeusi. Nimebakiza nyuzi 61 za kubadilisha, nami nimekwisha kuweka alama ya penseli kwenye vyumba vitakavyolala.