Tupeane uzoefu: picha uliyopigwa na kitu cha kuazima

Mwenye Uzi
Wiki iliyopita mada ilikuwa mlango wa nyumbani, na kuna watu hapa (mnajijua) mlileta mlango wa jirani kwa sababu ndio mzuri. Basi tufanye rasmi. Wiki hii leta picha ya zamani, yako au ya mtu wa kwenu, yenye kitu kisicho chake: koti, saa, miwani, hata mtoto. Tuambie kilikuwa cha nani.

Naanza mimi. Huyo ni baba, Dodoma, 1979. Kakumbatia redio National ya bendi tatu, antena imevutwa yote. Nimekua najua kwamba tuliwahi kuwa na redio, ikaibiwa. Mwaka juzi kwenye msiba mzee wa nyumba ya pili akaiona picha ukutani, akacheka mpaka akakohoa: "Si redio yangu hiyo?" Kumbe wakati wa vita vya Kagera wanaume wa mtaa mzima walikuwa wanajazana barazani kwake saa mbili usiku, kusikiliza taarifa ya habari ya RTD, Redio Tanzania Dar es Salaam. Vita vilipokwisha baba akaiomba nusu saa, akaenda nayo studio. Mzee alimpa, ila betri akazitoa kwanza, zisije zikaliwa njiani. Sasa tazameni hiyo picha vizuri. Baba kainamisha sikio kama mtu anayesikia.

Koti la Studio
Jina langu linajieleza. Tabora, 1988, tumefaulu darasa la saba, fomu za sekondari zinataka picha nne za paspoti. Studio tuliyoimudu ilikuwa na koti moja jeusi kwenye msumari na tai ya mpira, unavishwa kichwani kama kitanzi. Koti lile lingemtosha baba yangu na mtu mwingine. Mpiga picha anakukunja mgongoni kwa vibanio vya nguo, kwa hiyo mbele wewe ni karani wa benki, nyuma umeanikwa. Chini kaptura na ndala, lakini huko kamera haifiki.

Siku ya kuripoti mwalimu akatandaza fomu zetu mezani. Akatutazama, akatazama fomu. Wavulana wengi, koti lile lile, doa lile lile la wino kwenye kola. "Nyinyi wote baba mmoja?"

Bibi wa Ngamiani
Wanangu, yenu ni ya kuchekesha, yangu ilivunja undugu.

Mama yangu, Tanga, 1983. Mnaoikumbuka miaka ile ya foleni mnajua doti mpya ya kanga ilivyokuwa. Picha ilikuwa ya kumpelekea wifi yake, Korogwe. Kanga za mama zimechujuka, akaazima kwa jirani doti iliyofunguliwa jana yake. Jirani naye alikuwa kaichagua makusudi, ana yake na mke mwenzake. Mama hakujua kusoma. Kasimama wima, mikono kaishusha, kajitanda vizuri, na pale chini maandishi yametoka safi kuliko hata uso wake: HASIDI HANA SABABU.

Wifi alikuwa anajua kusoma.

Miaka miwili hakukanyaga kwetu. Salamu hazipokelewi, mama kila siku anajiuliza kamkosea nini. Aliyefumbua ni mimi, niko darasa la pili, nasoma kila chenye herufi, makopo, magunia, nikafika kwenye ile nakala iliyobaki kwetu ukutani. Nilisoma kwa sauti, nikitegemea kusifiwa. Mama alikaa chini.

Koti la Studio
Shikamoo bibi. Na nyuma ya picha kulikuwa na yale maneno, "pokea ukumbusho wangu huu"?

Bibi wa Ngamiani
Marahaba. Yalikuwepo! Aliandikiwa na mpiga picha. Ukumbusho mbele, kijembe chini.

Likoni Moja
Mimi niliazima meli. Nilitoka bara kuja Mombasa kutafuta kazi, 1994, na pale Likoni karibu na feri kulikuwa na wapiga picha wamejenga vibanda vyao, kila mmoja na pazia lake limechorwa: ndege, majumba, maua ya kila rangi. Nikachagua meli ya ghorofa. Feri yenyewe ya kweli iko hatua chache tu, watu wanashuka na baiskeli na mbuzi, mimi nimeipa mgongo nikisimama mbele ya meli ya rangi. Miwani ya jua ni ya mpiga picha. Nilituma nyumbani, mamangu akaeleza kijiji kizima kwamba nimepata kazi melini. Kazi yenyewe ilikuwa kubeba saruji. Sikumsahihisha, na kila nikirudi naulizwa habari za baharini. Nilijifunza kuzijibu.

Mjukuu wa Shangani
Hii ni nyeusi na nyeupe, ya Unguja, nyuma ina muhuri wa Capital Art Studio, ile ya mzee Ranchhod Oza iliyofunguliwa 1930. Huyo ni bibi yangu na kidani cha dhahabu. Kidani cha shangazi yao. Siku hiyo walikwenda ndugu wawili; bibi alipomaliza akakivua pale pale, mdogo wake akavaa, akaingia yeye. Basi zimebaki picha mbili na kidani kimoja. Mdogo mtu baadaye aliolewa Muscat, na wajukuu zake wanayo picha yao, na kila ikija Idi lazima mmoja aulize kwenye kundi la familia kidani cha bibi yao kimebaki kwa nani huku. Sisi nasi tunawauliza hivyo hivyo. Shangazi mwenyewe, kwa tunavyosikia, alikiuza zamani sana akaezeka nyumba.

Mwenye Uzi
Kwa hiyo mnagombania paa. Nani mwingine? Tusiishie kwenye nguo na dhahabu.

Pekupeku
Mimi sina picha ya kuweka. Kama hairuhusiwi mtaniambia.

Songea, 1991. Mama alitupeleka studio watoto watatu. Mkanda wa rangi ulikuwa hausafishwi kwetu. Mpiga picha anangoja zitimie picha 36, ndipo anautuma Dar kwa basi. Kila tukipita anatupigia kelele kutoka mlangoni, "bado kumi na mbili", "bado tano". Tulikuwa tunaomba Mungu watu waoe. Mkanda uliporudi akaja mwenyewe hadi nyumbani akasema umeungua wote, na akarudisha kianzio kabla hajadaiwa. Mama akasema hamna neno, tutapiga nyingine tukishavuna. Aliugua kabla ya mavuno. Hatuna picha yake hata moja.

Kitu cha kuazima kilikuwa viatu vyangu. Vyekundu, vya ngozi, vina kifungo pembeni, vya mtoto wa mwalimu. Vilinibana vibaya, na ninachokumbuka cha ndani ya studio ni mama ananiambia kwa sauti ya chini nisikunje uso. Tulipotoka nikavivua hapo hapo mlangoni. Akavifuta vumbi kwa ncha ya kitenge, akavibeba mkononi hadi kwa mwalimu, mimi niko nyuma yake, miguu mitupu.