Mrejesho: GPU iliyokuwa ikisubiri data

Wakuu, niliuliza kwa nini modeli yangu ya kutambua magonjwa ya majani ya zabibu, huku Dodoma, inajifunza polepole ilhali GPU (kadi inayopiga hesabu za modeli) ni nzuri. Mlioniambia niangalie njia ya data, asanteni sana, mlipatia!

PCIe 3.0 x16, njia inayounganisha kompyuta na kadi hiyo, hupitisha takriban GB 16 kwa sekunde. Memori ya kadi yenyewe hupitisha mamia ya GB kwa sekunde. Foleni ilikuwa hapo. Kwenye PyTorch (maktaba ya kufundishia modeli) nimeweka pin_memory=True: kurasa za RAM (vipande vya memori ya kompyuta) zinafungwa mahali pake, kadi inachota picha moja kwa moja. Nikaongeza non_blocking=True, CPU isisimame kusubiri picha zimalize kunakiliwa kwenda GPU. Na .item() (inayosoma namba kutoka GPU) ya kila bachi, yaani kila kundi la picha, nimeiondoa, maana hulazimisha CPU kungoja GPU.

Matumizi ya GPU yalikuwa yanapanda na kushuka, sasa yametulia juu. Mwenye RAM ndogo asizidishe, kwani iliyofungwa haihamii swapu (sehemu ya diski inayosaidia RAM ikijaa).