Amadeus Quartet: mpiga fidla alihamiaje viola, na sisi tufanyeje?

Mwana_Upanga
Wakuu, habari za jioni. Tuko wanne hapa Upanga, fidla tatu na selo moja, na tunataka kuwa kwateti kamili, yaani fidla mbili, viola na selo. Mmoja wa fidla hana budi kuhamia viola, ile ala kama fidla ila kubwa kidogo na yenye sauti nzito zaidi. Nasikia Amadeus Quartet, kwateti maarufu ya Uingereza, nao walianza hivyohivyo. Wanaoijua historia yao watueleze alihama nani, na anayehama leo ajiandae vipi. Fidla mbili zimetoka kwenye taarab, nyuzi zake zimepangwa kwa mtindo wa Kiarabu.

UlimboMkavu
Aliyehama ni Peter Schidlof. Yeye, Norbert Brainin na Siegmund Nissel walikuwa vijana wa Kiyahudi waliowakimbia Wanazi kutoka Vienna. Vita vilipoanza, Uingereza ikawaweka kizuizini kama raia wa nchi adui, na humo ndimo walimojuana. Baadaye wote watatu wakasoma kwa Max Rostal, mwalimu wa fidla. Kwa hiyo shida yao ilikuwa hii yenu kabisa: fidla tatu. Selo ikashikwa na Martin Lovett wa London. Mwaka 1947 walipiga kwa jina la Brainin, na tarehe 10 Januari 1948 wakapanda jukwaa la Wigmore Hall, ukumbi wa muziki wa London, kwa jina la Amadeus.

Schidlof hakusukumwa kwenye viola kwa udhaifu. Alikuwa mpigaji hodari, na sauti yake nzito ikawa moja ya alama za kundi. Makundi mengi hukosea hapo: viola hupewa anayechechemea, kisha katikati panakuwa patupu, fidla zinaning'inia juu na selo inabaki peke yake chini. Mpeni mwenye mkono imara. Wale wanne hawakubadilika hata mmoja hadi Schidlof alipofariki mwaka 1987. Waliobaki hawakutafuta wa kuziba nafasi, kundi likaisha.

Nyuzi_Nne
Naongezea upande wa mikono. Nyuzi za fidla, kuanzia ile nene, ni Sol, Re, La, Mi. Viola ni Do, Sol, Re, La. Nyuzi tatu anazijua tayari. Mwili wa fidla ni kama sentimita 35.5, kwa anayehama tafuteni viola ya 38 hadi 39.5, kubwa zaidi itamchosha kidole cha nne. Upinde wa viola ni mzito kidogo: aache uzito wa mkono ushuke, asikandamize, na uzi wa Do auvute polepole, maana unachelewa kuitika.

Nota za viola zina ufunguo wake (alama ya mwanzo wa mistari inayoonyesha nota ipi iko wapi), Do ya kati iko mstari wa katikati. Njia ya mkato: asome kana kwamba ni fidla katika pozisheni (mahali mkono unapokaa shingoni mwa ala) ya tatu, lakini vidole aviweke pozisheni ya kwanza ya viola. Inafanya kazi, ila shapu na flati (alama za kupandisha na kushusha nota nusu toni) zitamdanganya, kwa hiyo asiitegemee zaidi ya wiki chache.

Msifunge nyuzi za viola kwenye fidla. Urefu hautoshi, Do inalegea na kutoa sauti ya kamba.

Hizo za taarab, kama ni Sol, Re, Sol, Re, pandisheni nyuzi mbili nyembamba toni moja kila moja. Kazeni kidogokidogo huku mkitazama kidaraja, kile kibao kinachobeba nyuzi. Kikivutwa kuelekea vigingi vya kukazia nyuzi kirudisheni wima kabla hakijaanguka.

Mwana_Upanga
Asanteni sana wakuu. Tuanze na kipande gani? Na viola ikija, huu unyevu wa masika je?

UlimboMkavu
Kwateti ya mtunzi Haydn, opus 76 namba 3, sehemu ya pili. Wimbo ni mmoja na unazunguka: fidla ya kwanza, kisha ya pili, selo, viola, halafu unarudi kwa fidla ya kwanza. Kila mtu atasikika, na mtajua mara moja kama viola inabeba.

Nyuzi_Nne
Vigingi huvimba masika na kung'ang'ania, kisha huteleza kwenye chumba cha kiyoyozi. Chagueni hali moja, na msiache ala ndani ya gari. Kiungo cha ubavuni kikiachia msitie gundi ya dukani: ile ya asili imewekwa dhaifu makusudi ili kiungo kifunguke kabla mbao haijapasuka. Legezeni nyuzi kidogo, mpelekeeni fundi anayetumia gundi ya ngozi.