Kuhama QuickBooks ya seva kwenda ya mtandaoni: tubebe miaka yote au masalio tu?

Kibao_cha_Hesabu:
Wakuu, habari za kazi. Kampuni ni ya vifaa vya ujenzi, Dar, maduka mawili na ghala moja. Tunatumia QuickBooks Premier, programu ya uhasibu ya kwenye kompyuta, faili liko kwenye seva ya ofisini, watumiaji watano. Lina miaka tisa ndani. Mwaka wa hesabu unaishia 31 Desemba. Uongozi umeamua twende QuickBooks Online kuanzia 1 Julai. Tuhamishe miamala yote au masalio tu? Stoku inaingizwaje isivurugike? Na risiti za EFD (mashine ya risiti za kodi) zitatokaje wakati mfumo hauko tena ofisini? Ankara za wateja ambazo hazijalipwa ni kama 140.

LejaNzito:
Mkuu, beba masalio, historia iache ilipo. Faili la miaka tisa lina wateja walioandikwa mara tatu kwa tahajia tatu, malipo yasiyojulikana ni ya ankara ipi, na stoku iliyowahi kwenda hasi. Ukilihamisha zima unahama na uchafu wake, halafu unaulipia kila mwezi. Sheria ya kodi inakutaka utunze kumbukumbu miaka 5, na kwa hilo inatosha faili la zamani liweze kufunguka. Bakiza kompyuta moja yenye leseni, funga vipindi kwa nenosiri, toa leja kuu yote kwenye Excel na PDF, weka nakala kwenye diski mbili zinazokaa majengo tofauti.

Kwa kuwa mnahama katikati ya mwaka, ingiza urari (orodha ya masalio ya akaunti zote) wa 31 Desemba, kisha jarida moja (ingizo la debiti na kredit) kwa kila mwezi, Januari hadi Juni. Ukiweka urari wa Juni peke yake, ripoti ya mwaka haitakuonyesha mwezi upi uliuza nini.

Wanaohama wengi wanakwama kwenye wadaiwa. Wakiweka jumla ya wadaiwa kwenye jarida, halafu wakaingiza na ankara zenyewe, deni linakuwa mara mbili. Fungua akaunti ya muda, iite Mpito. Tuseme urari wa 30 Juni una wadaiwa 84,300,000, wadai 51,750,000 na stoku 132,000,000. Kwenye majarida, kila penye mistari hiyo mitatu andika Mpito. Mpito itasimama debiti 164,550,000. Ukiingiza ankara za wateja inashuka 84,300,000. Bili za wasambazaji zinaipandisha 51,750,000. Stoku inaishusha 132,000,000. Lazima ifike sifuri. Ikibaki kredit 1,180,000, usiiondoe kwa jarida la kubahatisha. Mara nyingi hiyo ni pesa ya mteja iliyopokelewa bila kuunganishwa na ankara: umeingiza ankara zote, malipo yake umeyasahau.

Ankara hizo 140 ziingie na tarehe zake za awali, namba zake za awali, kiasi kinachodaiwa pamoja na VAT ndani yake, ila bila msimbo wa VAT. Ukiweka msimbo wa 18%, ukitoa ripoti ya VAT kwa kipindi chochote kinachogusa tarehe hizo utakuta mauzo yaliyokwisha kutangazwa yamerudi.

BiStoku:
Naongezea hapo hapo. Ankara za zamani zisiingie kwa majina ya bidhaa. Ukiandika "mabati 60", mfumo unatoa mabati 60 ghalani ambayo yaliondoka Aprili. Tengeneza kipengele cha huduma, kiite "Salio la awali", kiunganishe na akaunti ya Mpito, ankara zote zipite humo.

Stoku yenyewe ihesabiwe kwa mikono jioni ya 30 Juni, maduka yakiwa yamefungwa. Kurekebisha hesabu kufanyike kwenye mfumo wa ZAMANI, kabla ya kutoa urari. Premier inakokotoa gharama kwa wastani. QuickBooks Online inatumia ya kwanza kuingia ndiyo ya kwanza kutoka. Mabati 400 kwa wastani wa 27,500 yataingia kama fungu moja la 11,000,000. Mzigo mpya wa 29,000 ukija, mfumo utamaliza kwanza yale 400. Faida ya miezi ya mwanzo itaonekana tofauti na mlivyozoea, na hakuna aliyekosea. IAS 2, kiwango cha kimataifa cha uhasibu wa stoku, inakubali njia zote mbili, ila kubadili ni kubadili sera ya uhasibu, kwa hiyo mkaguzi ajulishwe mapema kwa barua, asije akaligundua Machi.

Mfumo ukiweka thamani ya stoku unaipeleka Opening Balance Equity, akaunti ya mtaji ya masalio ya awali. Ihamishie Mpito kwa jarida moja ili ile hesabu ya LejaNzito ifunge. Halafu chunguzeni daraja mnalolipia: stoku haimo kwenye madaraja ya chini, inaanzia Plus, na Plus ni watumiaji watano. Mkaguzi wa ndani akitaka kuingiza data, mmeshajaa.

Antena_Mbili:
EFD: kama mashine yenu imeunganishwa kwa waya na kompyuta ya ofisini, mfumo wa mtandaoni hauioni kabisa. Ama mwende VFD (EFD ya programu, bila mashine) kupitia programu ya kati inayochukua ankara na kuipeleka TRA, ama karani aandike mauzo mara mbili, na hapo ndipo tofauti kati ya Z ripoti (jumla ya mauzo ya siku kwenye mashine) na leja huzaliwa. Kabla ya kulipa jaribuni vitu vitatu: ankara yenye punguzo, ankara ya dola, na kufuta ankara iliyokwisha kupata namba ya uthibitisho. Hiyo ya tatu ndiyo huwaumbua wauzaji wa programu.

Intaneti: kampuni mbili za mtandao si lazima ziwe njia mbili. 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika pamoja, na waliokuwa na laini mbili zinazopita huko walikaa gizani na zote mbili. Waulizeni njia zao za baharini. Na kitabu cha hati za kupelekea mzigo chenye namba kiwepo kaunta.

Usajili unalipwa kwa kadi ya kampuni, ya dola. Kadi ikiisha muda au ikigota kikomo, mnafungiwa kuandika siku ya mshahara.

Kibao_cha_Hesabu:
Asanteni sana. VAT ya Juni je, tunailipa Julai kutoka mfumo upi? Na tuendeshe mifumo yote miwili kwa miezi mitatu kama tulivyoshauriwa?

LejaNzito:
VAT ya Juni iweke kwenye akaunti ya deni ya peke yake, "VAT Juni, mfumo wa zamani", usiiweke kwenye akaunti ya VAT inayoendeshwa na mfumo. Ritani inatoka kwenye faili la zamani, malipo ya kabla ya tarehe 20 yanaandikwa kwenye jipya na kuifuta akaunti hiyo.

Miezi mitatu hapana. Kufikia wiki ya pili karani anaandika upande mmoja na mwingine ataujaza "kesho". Fungueni kampuni ya majaribio, muingize wiki moja kamili ya Mei: mauzo, manunuzi, marejesho, usuluhishi wa benki (kulinganisha leja na taarifa ya benki). Mkipata salio lile lile la benki na VAT ile ile, hameni. Msipopata, sogezeni tarehe hadi 1 Agosti.

BiStoku:
Na zimeni ruhusa ya kuandika kwenye faili la zamani usiku ule ule wa 30. Duka la pili likiendelea kuuza humo hata asubuhi moja, mtarudia kuhesabu.