Forester SG5 imelala nyuma: nirudishe shokapu za kujinyanyua, nihamie za kawaida, au nijazishe oili?

Kibosho_Goba (Dar es Salaam)

Habari wakuu. Gari ni Forester SG5 ya 2005, injini ya 2.0 isiyo na tabo, ninaitumia mwaka wa tatu sasa. Tangu Pasaka imekaa chini nyuma. Nikipakia watoto wawili, mama yao na mtungi wa gesi, matuta ya huku Goba yanakwaruza ekzosi. Nikipita kwenye rasta (vile vituta vidogo vya mfululizo) mkia unacheza kama wa mbuzi. Nimechungulia chini: shokapu ya kushoto imelowa oili, ya kulia ni kavu, ila ukiikandamiza ile kona kisha ukaiachia, gari linadunda mara tatu ndipo litulie.

Desemba tunapanda Moshi, zaidi ya kilomita 500, na tukirudi buti linajaa ndizi. Sitaki kwenda hivi. Nimezunguka maduka ya spea ya Gerezani na Shaurimoyo wiki hii, bei nilizopewa kwa shokapu mbili za nyuma ni hizi:

Mtumba wa Japan, zikiwa na springi na mauntingi zake (vishikizo vya juu vinavyoifunga shokapu kwenye bodi), 240,000.
KYB (kampuni ya Japan) mpya za kawaida, bila springi, 390,000.
Za Kichina zisizojulikana, 180,000.
Kujazwa oili kwa fundi, 70,000 zote mbili.
Mpya za kujinyanyua kama zilizomo, muuzaji alicheka kwanza, kisha akataja milioni na ushee na kusubiri ziagizwe.

Nataka kufunga mwenyewe nyumbani. Nina jeki ya toroli, stendi mbili na boksi la soketi. Vibano vya springi sina. Mnanishauri nini?

FundiMpole (Arusha)

Mkuu, umesema za kujinyanyua. Una uhakika, au muuzaji ndiye aliyekwambia? SG5 zilikuja za aina zote mbili, na ushauri wote unategemea jibu la swali hilo. Ingia chini utazame mwili wa shokapu. Ya kujinyanyua ni nene, inajaza nafasi ndani ya springi. Ya kawaida ni nyembamba, unaona uwazi wa kutosha kati yake na springi.

Ile nene haina waya wala kompyuta. Ndani yake kuna pampu ndogo inayofanya kazi kwa mtikisiko wa barabara: ukipakia mzigo ukaanza kwenda, kila inapopanda na kushuka inasukuma oili, na baada ya mwendo kidogo nyuma inarudi kwenye kimo chake. Maana yake shokapu inabeba sehemu ya uzito wa gari, kwa hiyo kiwandani waliweka springi laini. Ikivuja oili, yule msaidizi ameondoka na springi laini imebaki peke yake. Ndiyo hiyo hali yako.

Nairobi_Boxer (Nairobi)

Hapo FundiMpole amegusa kidonda changu. Mimi nilinunua shoki mpya za kawaida, nzuri kabisa, nikaacha springi za zamani kwa sababu hazikuwa zimevunjika. Gari ikakaa chini kuliko hata pale mwanzo! Nilirudi dukani nikagombana na muuzaji bure, yeye aliniuzia nilichoomba. Ukitoa za kujinyanyua, springi lazima zitoke nazo. Mauntingi za juu pia chukua zinazoendana na shoki mpya.

Kabla hawajakudanganya na jambo lingine: wapo watakaokwambia uweke raba katikati ya springi, au spesa (kipande cha kuongeza kimo) juu ya mauntingi, gari inyanyuke. Itanyanyuka, kweli. Lakini spesa haizuii gari kudunda. Shoki iliyokufa ikiwekewa spesa ni shoki iliyokufa iliyo juu zaidi.

Mama_Spana (Dodoma)

Kuhusu kujaza oili, nimefanya hivyo kwenye Carina, kwa hiyo nasema nilichokiona. Shokapu ya kisasa imefungwa kiwandani, ndani kuna oili na gesi ya naitrojeni. Fundi wa kujaza anaitoboa au anaikata kichwani, anamimina oili aliyonayo, anaichomelea. Siku ya kwanza gari lilikuwa gumu vizuri, nikamsifu. Mwezi wa pili likawa gumu kama mkokoteni, wa tatu shokapu ikaanza kuvuja palepale kwenye sili, ule mpira unaozuia oili isitoke. Sili ndiyo iliyokuwa imekufa tangu mwanzo, na yeye hakuigusa. Gesi nayo hakurudisha. Na yako ikiwa ile nene yenye pampu, hapo ndipo usithubutu kabisa, maana anayeijaza haijui hata hiyo pampu iko wapi.

Zile za 180,000 sizisemi vibaya wala vizuri. Nimeona zilizodumu na nimeona zilizolia wiki ya pili. Ila kwa safari ya Moshi na watoto nyuma, ningekopa kwenye kikoba nikaongeza.

Kibosho_Goba

Asanteni sana. Nimetoka chini ya gari sasa hivi, shati limeharibika: ni nene. Zote mbili. Kwa hiyo kujaza kumetoka, na KYB peke yake imetoka kwa sababu ya springi. Nimebaki na mtumba iliyo kamili, sivyo?

SinaHaraka (Morogoro)

Sivyo. Mtumba ya gari la miaka ishirini ni shokapu ya miaka ishirini. Imekaa kwenye gari Japan, ikakaa kwenye kontena, ikakaa chini ya meza ya muuzaji. Huwezi kujua imebakiza nini. Muuzaji anaisukuma kwa mikono mbele yako, inarudi polepole, unaridhika. Hata iliyochoka hurudi polepole ukiisukuma kwa mkono. Mimi ningesubiri hela itimie ninunue vyote vipya.

Na kuhusu kufunga nyumbani, kaka, nitakuwa mkali kidogo. Springi iliyobanwa ina nguvu ya kuua. Nimemwona kijana akibana springi kwa waya na mnyororo, waya ukakatika, springi ikapita juu ya bega lake ikatoboa bati la gereji. Inchi chache tu. Kwa hiyo sikuungi mkono.

FundiMpole

SinaHaraka yuko sahihi kuhusu springi, ila hapo kuna kazi mbili na watu wanazichanganya. Kutoa shokapu kwenye gari na kuirudisha, kila mwenye stendi na akili iliyotulia anaweza. Kuitenganisha shokapu na springi yake, hiyo mpelekee mwenye mashine ya kubania, ile inayosimama chini au kufungwa ukutani. Anakutoza hela ya chai, anamaliza kwa nusu saa.

Sasa kuhusu mtumba. Mimi huwa nawaambia wateja wanunue mtumba kwa ajili ya springi na mauntingi, wala si kwa ajili ya shokapu. Springi ya chuma haichakai haraka kama sili ya mpira. Chukua seti ya mtumba isiyo ya kujinyanyua (hakikisha ni nyembamba, na imetoka kwenye SG, si SF, yaani Forester ya kabla yake, wala Impreza), peleka pamoja na KYB zako mpya kwa mwenye mashine, akuhamishie springi. Unarudi nyumbani na shokapu mbili kamili, unafunga kwa bolti tu. 240 na 390 ni 630,000, kisha uongeze ya mwenye mashine kidogo. Si rahisi, lakini ni chini sana ya ile ya milioni na ushee, na hutarudi huko chini mwakani.

Mweleze huyo wa mashine jambo moja: kile chuma king'aacho cha shokapu kisishikwe kwa plaizi. Mkwaruzo mdogo tu pale unakata sili kila kinapopanda na kushuka, na shokapu mpya inaanza kuvuja mwezi uleule. Kikizunguka pamoja na nati, juu yake pana pa kushikia.

Kutu_Pwani (Mombasa)

Ndugu yangu wa Goba, uko karibu na bahari kama sisi, kwa hiyo siku ya kwanza usifungue kitu. Ijumaa jioni chukua brashi ya waya, safisha zile bolti mbili kubwa za chini zinazoshika shokapu na nako (chuma kinachobeba gurudumu), kisha zipulizie dawa ya kutu. Usiku zipulizie tena. Jumamosi asubuhi mara ya tatu. Mie sikufanya hivyo nikavunja spana ya kuazima, na mwenye spana ni shemeji, mpaka leo ananitajia kila Idi.

Nati hizo kwa kawaida ni namba 19. Tumia soketi ya pembe sita, siyo ya kumi na mbili, na kipande cha bomba kirefushe mkono. Shika kichwa cha bolti, zungusha nati.

Kibosho_Goba

Shemeji wa kila Idi nimecheka peke yangu. Swali: nikitoa bolti za chini, gurudumu halianguki? Na hosi ya breki imepita palepale kwenye shokapu.

FundiMpole

Halianguki, ila nako inalala kwa nje na kuvuta hosi na ekseli. Weka jeki ya pili au gogo chini yake kabla ya kutoa bolti ya mwisho. Mimi nafanya hivi: gari kwenye tambarare, matairi ya mbele yamewekewa mawe mbele na nyuma, stendi mbili chini ya sehemu ngumu za bodi, jeki haibebi peke yake hata dakika moja. Natoa plastiki za pembeni kwenye buti nipate nati ndogo za juu. Nazitoa, naiacha moja ikishika kwa nyuzi chache. Chini nachomoa kishikizo cha hosi na waya wa ABS (mfumo wa kuzuia matairi yasijifunge ukikanyaga breki). Ndipo bolti kubwa. Mwisho, mkono mmoja umeshika shokapu, mwingine unamalizia ile nati ya juu.

Nati ya KATIKATI, ile kubwa iliyo peke yake, usiiguse ikiwa kwenye gari wala mezani. Hiyo ndiyo inayozuia springi isikurukie.

Kishikizo cha hosi kikiwa ni cha tundu zima lisilo na mwanya upande, hosi haitoki mpaka uifungue, na ukiifungua utoe hewa kwenye breki. Wengine wanakata upande wa tundu kwenye shokapu mpya, wanaingiza hosi, wanafunga na klipu. Na KYB mpya, kabla hazijafungwa springi, zisimamishwe wima, zisukumwe hadi chini na kuachwa zipande mara tano sita. Zimelala dukani, gesi imeingia mahali pasipo pake.

SinaHaraka

Kwa mpango huo nimenyamaza. Badilisha zote mbili, usije ukashawishika kuacha ile kavu.

Kibosho_Goba

Mrejesho wakuu. Nilifuata mpango wa FundiMpole. Muuzaji wa mtumba nilimpata mwenye seti nyembamba kwa 220,000, springi hazina kutu. Mwenye mashine pale Tegeta alichukua 20,000 na alikasirika nilipomwambia asitumie plaizi, lakini hakutumia.

Upande wa kulia ulinichukua saa moja na nusu. Wa kushoto saa nne, bolti ya chini ilikataa mpaka mtoto wa jirani akaja kuning'inia kwenye bomba. Plastiki ya buti nimevunja vishikizo viwili. Hosi ilitoka bila kufunguliwa, nashukuru.

Nilipima kabla na baada, kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake: nyuma imepanda sentimita tano na nusu. Nimepita rasta za barabara kubwa, mkia umetulia. Nikipakia mzigo inashuka kidogo, haijinyanyui tena, ila haikwaruzi.

Tatizo moja. Nikiingia kwenye shimo, kulia inalia "tok". Mara moja tu, si mfululizo.

Nairobi_Boxer

Springi imekaa vizuri kwenye kikombe chake? Mwisho wa springi unatakiwa kugusa ile ngazi iliyo ndani ya kikombe.

Mama_Spana

Kabla hujavua chochote, funua plastiki ya buti, shika nati za juu za kulia. Na nati za tairi pia. Halafu ukishapata jibu nenda kapime alaimenti (mkao wa matairi), tairi za nyuma zilishaanza kuliwa mabondemabonde bila shaka.

Kibosho_Goba

Mama_Spana, zilikuwa nati za juu. Mbili nimezikuta nimezikaza kwa mkono tu. Ndipo nimekumbuka mke wangu aliniita kula.